Siku Kao Alipobandua Karatasi Nyekundu

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu hapa Douliu, basi wewe hujakaa, umechuchumaa tu. Liko barazani, nje ya kibanda cha kahawa cha Dada A-Hsia, mkabala na tuisheni ya Kiingereza ya Nyota Saba, na lina miguu minne: mitatu ya kwake na mmoja wa tofali. Kahawa ya A-Hsia inashuka kutoka milima ya Gukeng, anaichemsha kwenye chupa ya kioo juu ya kijimoto cha spiriti, na ni kali kiasi kwamba mwaka juzi niliitumia kuondoa kutu kwenye bolti. Mimi naitwa Mzinga, fundi pikipiki mstaafu, mtu pekee kisiwani aliyewahi kubadilisha plagi ya pikipiki huku mwenyewe akiendesha. Kushoto kwangu hukaa Profesa, aliyelinda geti la chuo kikuu mpaka akazeeka, na anadai elimu ilikuwa inamwingia kila geti likifunguliwa. Kulia hukaa Chou Tofu, muuza tofu ya kunuka, tunayemkalisha upande upepo unakoondokea. Na mwisho kabisa, pale penye tofali, hukaa Jiwe. Jina lake Liao A-Tek, mkulima wa vitunguu saumu, na tunamwita Jiwe kwa sababu akisema maneno matatu kwa siku, usiku anaugua koo. Jiwe ana binti mmoja, Pei-chi, na Pei-chi ndiye mwalimu wa Kiingereza pale Nyota Saba. Jumatatu ile jioni kahawa ya Jiwe ilikuwa imepoa kikombeni bila kuguswa, na ng'ambo ya barabara Mkurugenzi Kao alikuwa juu ya ngazi, anabandua karatasi nyekundu.

— Anabandua, nikasema.

— Tunaona, akasema Profesa.

— Anabandua zote, bwana! Hata ile ya kwenye bomba la maji!

— Mzinga, tuna macho. Usitutangazie kama mpira.

Sasa, karatasi nyekundu za Kao si mapambo. Mtoto akifaulu mtihani, jina lake linaandikwa kwa wino mweusi, linabandikwa ukutani, ili jirani ambaye mwanawe amefeli asipate usingizi. Ukuta wa Nyota Saba ulikuwa mwekundu kutoka mlangoni mpaka kona. Na karatasi hizo hazibanduliwi. Zinafifia, zinachanika, mvua inazilamba, kimbunga kinazipita kwa adabu, ila mkono wa mtu hauzigusi. Kumbe leo Kao mwenyewe, kwa kisu cha kukwangulia rangi, krrr, krrr, anakwangua fahari ya mtaa mzima.

— Ni ya Jumamosi haya, akanong'ona Chou Tofu. Mambo ya Jumamosi.

Jiwe akainamisha kichwa.

Niwape habari ya Jumamosi. Walikuja wageni wa chuo kikuu kimoja cha kule Taichung. Walikuwa wanazunguka mikoani kutafuta mwalimu mmoja wa kumpeleka akasome digrii ya pili ya kufundisha Kiingereza. Ada juu yao, chumba juu yao, na huku anasoma anapewa darasa la walimu wenzake, awafundishe namna ya kufundisha bila kumwacha mtoto wa mtu nje. Ni shavu hilo! Shavu la kula mpaka la pili lione wivu. Pei-chi akaomba. Wageni wakasema sawa, tunakuja kukuona ukifundisha, wazazi nao wawepo.

Na darasa la wageni kila mtu anajua linavyopikwa huku. Watoto walifanyishwa mazoezi mpaka wakawa wanaota. Kao alisimama nyuma na filimbi: nani anyooshe mkono, nani aulize, nani ajikune kichwa kidogo kabla ya kujibu ili ionekane anafikiri. Somo lenyewe lilikuwa "Familia yangu". Kitabuni kuna baba, mama, kaka, dada na mbwa. Hata mbwa alifanyishwa mazoezi.

Sisi tulilitazama kutoka hapa hapa benchini, kupitia kioo. Tatizo, madirisha yalifungwa kwa ajili ya kiyoyozi, kwa hiyo tuliona kila kitu na hatukusikia kitu. Na hicho ndicho kiwango cha habari ambacho kijiwe kinahitaji.

— Turudie tulichoona, akasema Profesa, akakunja nne. Kisayansi. Kwanza, mtoto mmoja alisimama wakati ambao si zamu yake.

— Alisimama, nikasema. Nilimwona Kao anashika kichwa kwa mikono miwili kama anazuia kisiruke.

— Pili, Mwalimu Pei-chi aliganda. Kalamu mkononi, kaganda.

— Kama samaki wa barafu.

— Tatu, darasa zima likafumbua mdomo kwa mpigo. Halafu wazazi wakafumbua mdomo. Halafu wageni wakajifunika nyuso kwa makaratasi. Yule mama mwenye miwani nilimwona kwa macho yangu anajifuta machozi.

— Machozi ya aibu, akasema Chou Tofu.

— Na nne, ndiyo kubwa: wakatoka mbio wakaingia kwenye teksi, na chai ya Kao wakaiacha mezani. Chai ya mlima mrefu! Haijaguswa!

Mtu anayeacha chai ya mlima mrefu mezani, amekutukana wewe na mlima.

— Basi kapigwa chini, akasema Chou Tofu. Wazazi wamelalamika, Kao kamfukuza, na ili jina lake lisionekane anabandua ukuta mzima. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji avunjike guu.

— Hawakusema hivyo.

— Wahenga wa kwetu walisema.

— Nyie wazee, Dada A-Hsia akapaza sauti kutoka kwenye chupa zake, msimuumize mwenzenu kwa midomo yenu. Kahawa yake imepoa, hamuoni?

— Dada A-Hsia, akasema Profesa, hapa tunafanya utafiti. Na utafiti unaonyesha jambo ni zito kuliko kufukuzwa. Mimi nimekaa chuoni...

— Getini.

— Geti ni la chuo! Kuna sheria ya elimu, watu hawaijui. Mwalimu akianguka, kila aliyefundishwa naye anaanguka. Mtihani unafutwa kurudi nyuma. Ndiyo maana Kao anabandua majina yote. Hao watoto sasa hivi wamefeli wote, hawajaambiwa tu.

Nikashtuka. Mimi nina jambo langu ukutani pale.

— Profesa, unasema kweli? Yule daktari wa meno, kijana wa Ong, si alianzia pale? Jina lake liko juu ya kengele!

— Lilikuwa juu ya kengele.

— Basi hakufaulu?

— Kwa sasa hakufaulu.

— Na jino langu aliloling'oa mwezi wa tatu?

Profesa akafikiri, akanywa kidogo.

— Kisheria, jino lako bado lipo.

— Lipo wapi, mzee? Lilikuwa la chini, nililirusha juu ya paa kama mtoto!

— Basi literemshe.

A-Hsia akacheka mpaka kijimoto chake kikayumba. Nikaona na mimi nisipitwe. Mtu anayeitwa Mzinga hawezi kukaa anasikiliza wenzake wanarusha mawe.

— Sikilizeni sasa mtu aliyesafiri, nikasema. Mimi nimefika mpaka Keelung, bandarini, nimeona waya. Kiingereza si lugha ya kununua, ni ya kukodi. Kila sentensi ikisemwa hapa inapita chini ya bahari kwa waya mpaka kwa wenyewe, wanaikagua, wanaigonga muhuri, inarudi. Ndiyo maana watoto wetu wakiulizwa kwa Kiingereza wanachelewa kujibu. Wanasubiri muhuri. Sasa Jumamosi kuna sentensi ilikwenda, wakaikataa. Waya ukakatwa. Mtaa huu hauna Kiingereza tena. Jaribuni! Profesa, sema kitu.

Profesa akajaribu kusema kitu kwa Kiingereza. Hakikutoka.

— Umeona?

— Hakijawahi kutoka hicho, akasema A-Hsia. Hata waya ukiwa mzima.

Ndipo tukasikia sauti ambayo hatukuizoea. Tukageuka wote. Ilikuwa ya Jiwe.

— Nilimwambia, akasema.

Nusura nimwage kahawa.

— Ulimwambia nini, kaka?

Jiwe akazungusha kikombe chake. Ukucha wake mmoja una mstari wa udongo ambao haujatoka tangu nimfahamu.

— Ijumaa. Nilimwambia, wakikuuliza, sema unaishi na rafiki. Siku moja tu. Ili apate.

Nani aliyepumua sijui, mimi sikupumua.

Maana mtaa huu wote unajua Pei-chi anaishi na nani. Anaishi na mkewe, Hsiu-man, fundi wa lifti, mwanamke anayening'inia kwenye mashimo ya maghorofa kwa kamba na akishuka anauliza kama kuna chakula. Sheria ya kuwaruhusu ilipopita wakafunga ndoa, na karamu ilifanyika hapa hapa barabarani, chini ya turubai, meza mpaka kwenye taa za magari. Jiwe alileta vitunguu saumu vyake mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa aliimba mpaka kipaza sauti kikaomba poo. Mimi nilicheza, na wanawake wawili walizirai kwa jinsi nilivyocheza.

— Mmoja, akasema Chou Tofu niliposema hivyo, na alizirai kwa joto.

Lakini mtaa ni mtaa, na wageni wa chuo ni wageni. Hilo Jiwe alilijua, na kila mtu benchini alilijua. Unaweza kula karamu na mtu, kesho ukaogopa jina lake lisomwe mbele ya watu wenye tai.

— Akasema nini yeye? akauliza A-Hsia. Ameacha chupa zake, amekuja kusimama karibu.

— Akasema, sawa baba.

— Halafu?

— Jana hakuja kula.

Hapo ndipo nilipoelewa kikombe kilichopoa. Pei-chi na Hsiu-man huja kula kwa Jiwe kila Jumapili mchana, mvua inyeshe, mawe yanyeshe. Ikitokea kimbunga wanakuja mapema ili waondoke baada ya kimbunga. Na jana hawakuja.

— Ulimpigia simu? akauliza Profesa.

Jiwe akatoa simu mfukoni. Imezima. Simu ya Jiwe huchajiwa mwaka mpya.

— Sasa sijui, akasema Jiwe. Kama alisema rafiki, basi amenikasirikia. Kama alisema kweli, basi amekosa nafasi. Mimi nimepoteza kote kote.

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema siku ya mazishi ya mkewe. Sikuwa na fiksi ya kuweka juu yake.

— Chuo chenyewe hakina neno, akasema Profesa polepole, na kwa mara ya kwanza hakukunja nne. Pale nilipolinda kulikuwa na mama mmoja mhadhiri na mke wake, kila asubuhi wanapita getini na mwavuli mmoja. Hakuna aliyewauliza. Mimi niliwafungulia tu.

— Shida si chuo, akasema Chou Tofu. Shida ni wazazi waliokaa pale nyuma. Na shida... Shida nyingine ni mjukuu wangu.

— Mjukuu wako kafanya nini?

— Yule mtoto aliyesimama bila zamu ndiye yeye. Ni Piza.

Piza ni jina lake la Kiingereza. Pale Nyota Saba kila mtoto anajichagulia jina la Kiingereza, na siku ya kuchagua mjukuu wa Chou alikuwa na njaa. Wazazi wake wako kiwandani Kaohsiung, analelewa na babu, ananukia tofu kutoka kichwani mpaka kwenye begi.

— Umekaa na siri hiyo tangu Jumamosi? nikasema. Na umetuacha tunahangaika na waya wa chini ya bahari?

— Niliona aibu, bwana! Nilimwuliza, wewe Piza, ulisimama kusema nini? Akaniambia, nilimkumbusha mwalimu. Ulimkumbusha nini? Kitu alichosahau. Kitu gani? Akasema, babu, tofu inaungua. Na kweli ilikuwa inaungua.

— Kamkumbusha mwalimu mbele ya wageni! Profesa akashika paji la uso. Wahenga walisema, ngoma ya watoto hujaza kibaba.

Ng'ambo Kao akafika karatasi ya mwisho. Ile ya walimu. Jina la Pei-chi lilikuwa la kwanza juu, tuliliona mpaka huku. Akaingiza kisu chini yake taratibu, akaibandua nzima bila kuichana, akaikunja, akaitia kwapani.

Jiwe akasimama. Tofali likalia.

— Unakwenda wapi, kaka?

— Kumwomba Kao. Nimwambie ni kosa langu. Mimi ndiye niliyemchanganya.

— Kaa, A-Tek, kaa kwanza...

Hakukaa. Alishaweka mguu barabarani. Na hapo hapo, kutoka kona ya soko, ukaanza ule muziki wa kinanda wa lori la taka.

Mjue jambo moja: hapa kwetu lori la taka halisubiri mtu. Ukilikosa, utalala na vichwa vya samaki wako. Muziki ukilia, bwana harusi anamwacha bibi harusi anatoka na mfuko. Kwa hiyo milango ikafunguka huku na huku, mtaa mzima ukamiminika na mifuko yake, Jiwe akabanwa katikati ya watu kama mkoba uliosahauliwa. A-Hsia akatoka na machicha ya kahawa. Chou Tofu akatoka na ndoo ambayo sitaieleza. Na kwenye mlango wa ngazi, pembeni ya Nyota Saba, wakatokea wawili: mbele Hsiu-man na mfuko wa chupa begani, bado ana mkanda wake wa zana kiunoni, nyuma Pei-chi na mfuko wa taka za jikoni. Wakajitosa kwenye foleni, wakatupa, wakafuta mikono.

— Wajomba, mmeshakula? akatuamkia Pei-chi. Akamwona Jiwe. Baba! Simu yako jamani! Tumekupigia jana mpaka kidole kimeota sugu.

Jiwe akafumbua mdomo. Profesa, ambaye hajui kunyamaza panapofaa, akaingilia.

— Pole sana, mwanangu. Kupigwa chini ni sehemu ya elimu. Hata mimi nilipigwa chini mitihani yote.

— Nani kapigwa chini?

— Wewe.

— Na nani?

— Si Kao? Si anabandua?

Pei-chi akageuka, akautazama ukuta mtupu. Kao, aliyekuwa anashuka ngazi, akasikia jina lake.

— Nabandua nini? Napisha! akafoka. Bango linakuja! Kubwa kuliko ukuta! Mnataka nilibandike juu ya madaktari wa watu, likunjamane?

— Bango la nini?

— La Mwalimu Liao, la nini tena! Hamjaambiwa? Kachaguliwa!

Nitawaambia kilichofuata jinsi kilivyokuwa, bila kuongeza. Chou Tofu alidondosha ndoo. Sauti ya ndoo ile ilisikika Japani.

— Kachaguliwa? akasema A-Hsia. Na chai waliyoiacha je?

— Walikuwa wanawahi treni ya kasi! Pei-chi akacheka. Kao alichemsha chai mpaka dakika ya mwisho. Wamenipigia jana asubuhi, wakasema njoo leo leo Taichung, tuonane na mkuu wa idara. Tukaondoka mbio, Hsiu-man hakupata hata kubadilisha viatu.

— Na yule mama wa miwani? Machozi?

— Ya kucheka, mjomba. Alicheka mpaka akaomba karatasi ya kujifutia.

— Kicheko cha nini? akauliza Jiwe. Maneno matatu. Siku hiyo alikuwa anatapanya.

Pei-chi akamtazama baba yake. Akasogea karibu. Foleni ya taka ikapungua kelele, maana watu wa mtaa huu wana adabu, wakitaka kusikia mambo ya watu wanasikia kimya kimya.

— Tulikuwa tunakwenda vizuri, akasema. Kila mtoto na swali lake la mazoezi, kila mtoto na jibu lake. Halafu Piza akasimama. Haikuwa zamu yake. Akaniuliza kwa Kiingereza, Mwalimu, kwako nani anapika? Hilo halikuwepo kwenye mazoezi.

— Ni sababu kwetu napika mimi, akasema Chou Tofu kwa sauti ndogo. Kitabuni anapika mama tu.

— Ndiyo, mjomba. Alitaka kujua kama kuna wengine. Na mimi, baba... mimi nikanyamaza. Nilikumbuka ulivyoniambia. Nikawa natafuta lile neno, rafiki. Lilikuwa tayari mdomoni.

Jiwe akatazama viatu vyake.

— Piza akaniona nimenyamaza, akadhani nimesahau jibu. Kama wao wanavyosahau. Basi akanisaidia. Akaninong'oneza kwa nguvu, mpaka nyuma wakasikia: Mwalimu! Mke wako! Anapika mke wako! Na darasa zima likadakia: Hsiu-man! Tambi! Chumvi nyingi!

— Chumvi nyingi? akasema Hsiu-man.

— Kwa Kiingereza safi, mpenzi. Sijawahi kuwasikia wakitamka vizuri hivyo.

— Nani kawaambia watoto habari za chumvi yangu?

— Unawapa wewe mwenyewe kila ukija kunichukua na ule mkebe wako wa tambi!

Mtaa ukalipuka. Mimi nilicheka mpaka lile jino nililolirusha juu ya paa likauma.

— Basi na mimi nikasema, Pei-chi akaendelea, akijifuta macho. Nikasema, ni kweli, mke wangu anapika, mimi naosha vyombo, na chumvi tunaijua. Mama wa miwani akaniambia jana, mwalimu, tumezunguka shule nyingi sana, kila mahali watoto wanaulizana kama wanasoma maandishi ya kaburini. Kwako mtoto ameuliza kitu anachotaka kujua, na darasa zima limejibu kitu linachokijua. Njoo utuandikie masomo ya namna hiyo. Ambayo aliyelelewa na babu anajiona, na mwenye mama wawili anajiona.

— Mimi ndiye niliyepanga, akasema Kao. Lilikuwa kwenye mazoezi ya siri.

— Kaka Kao, ulishika kichwa, nikasema.

— Nilikuwa nakuna.

Jiwe alikuwa bado anatazama viatu. Pei-chi akamshika mkono wa koti.

— Baba, siendi mbali. Treni ipo. Jumapili tunakuja kula kama kawaida.

— Mimi nilikwambia... akaanza Jiwe. Ijumaa ile...

— Uliniambia nini? Wewe si huwa husemi kitu?

Jiwe akamtazama. Halafu akatoa sauti, ki, ki, ki, kama pampu ya maji iliyokaa muda mrefu. Ilinichukua muda kujua kuwa anacheka. Akarudi benchini, akachukua ile kahawa baridi, akainywa yote kwa mkupuo mmoja.

Ndipo ikaja pikipiki ya watu wa kuchapisha. Kijana mgeni, wala hatumjui, kabeba bango limeviringishwa refu kama chatu aliyemeza chatu. Akalifungua barabarani, Kao akashika huku, Hsiu-man kule. Jekundu! Na herufi za dhahabu kubwa kuliko watoto. Jiwe akalisoma kwa kidole hewani, herufi moja moja. Nyota Saba yampongeza Mwalimu Liao Pei-chi, binti wa Mzee Liao A-Tek, mke wa Fundi Chung Hsiu-man, kwa kuchaguliwa na chuo kikuu.

Akafika "mke wa", kidole kikasimama. Kikaendelea.

— Ukuta hautoshi, akasema yule kijana wa bango. Lazima livuke barabara, lifungwe kwenye nguzo ya huku kwenu. Akaja barazani, akaitazama nguzo, akatutazama sisi. Samahani wazee, nataka kupanda kidogo hapa. Hili benchi la nani?

Profesa akakohoa. Chou Tofu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama A-Hsia. A-Hsia akasema, msinitazame, nililikuta. Profesa akasema nadhani ni la manispaa. Chou Tofu akasema lililetwa na mafuriko. Mimi nikasema nililishinda kwenye mashindano ya kunyanyua pikipiki, lakini hata mwenyewe nilisikia halikukaa sawa. Kwa miaka yote hii tumeketi, tumefukuza watu, tumegombania upande wa kivuli, na hakuna hata mmoja anayejua benchi ni la nani.

— Sasa nipande au nisipande? akauliza kijana.

— Lete kamba, akasema Jiwe.

Akaichukua, akapanda mwenyewe. Upande wa tofali! Benchi likayumba, tukaruka wote kulishika, mimi huku, Profesa kule, Chou Tofu kakumbatia mguu. Jiwe akanyoosha mikono, akapitisha kamba nguzoni.

— Panatosha hapo, mzee, akasema kijana. Hapo wapita njia wataliona.

Jiwe akaangalia barabara kuu kule mbele, basi la Huwei linapita, watu wamejaa madirishani.

— Juu zaidi, akasema.

— Baba, utaanguka! Pei-chi akapiga kelele.

— Juu zaidi.

Akasimama kwa ncha za vidole. Na sisi, na uzee wetu, na upepo umegeuka unatoka kwa Chou Tofu moja kwa moja puani kwangu, tukalishikilia lile benchi la watu.